Uganda kwa Mara ya Kwanza: Mwili Wako Nao ni Mgeni

Tuseme jina lako limo. Karatasi imebandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya walimu na wewe ni mmoja wa wanaokwenda Uganda. Labda unacheza netiboli na timu yenu imepata nafasi kwenye michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, ile ya FEASSSA, na mwaka huo wenyeji ni Uganda. Labda parokia au kanisa lenu linapeleka vijana Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni. Au ni klabu ya historia tu, mmechangishana tangu kidato cha pili mpaka nauli ikatimia. Unatoka Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi au Dodoma mjini penyewe, na mpaka wa mbali kabisa uliowahi kuvuka ni ule wa mkoa wa Singida.

Hongera! Sasa ushauri utamiminika. Mama atakuambia usisahau sweta. Kaka yako atataka umletee viatu. Mwalimu atawasomea orodha: shuka, sabuni, sare, daftari, pesa kidogo ya matumizi. Yote hayo sawa. Ila kuna msafiri mmoja ambaye hayumo kwenye orodha, naye ni mwili wako. Wewe utafika Uganda ukijua unakwenda wapi na kwa nini. Mwili wako haujui. Utalala na kuamka kati ya mbu, maji na vijidudu ambavyo pengine haujawahi kukutana navyo. Makala hii ni kwa ajili yake.

KIMO NI KILE KILE, MBU SI WALE WALE

Chukua atlasi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200. Tofauti ni ndogo tu! Ndiyo maana utasikia wengine wakisema, "Ah, kule ni kama kwetu, hakuna joto la Dar es Salaam, malaria itatoka wapi?"

Itatoka kwenye maji. Mbu wa malaria, yaani anofelesi, hatosheki na joto peke yake. Anataka maji yaliyotuama ya kutagia mayai, na hewa yenye unyevu ili aishi siku za kutosha kubeba vimelea. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikifika Mei ni upepo na vumbi, si unajua mwenyewe. Kampala hupata zaidi ya milimita 1,200, tena kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Katikati ya vilima vyake kuna mabonde ya mafunjo, na Ziwa Viktoria liko jirani. Matokeo yake ni kwamba mkoa wa Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania, wakati Uganda ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi wa malaria duniani. Na hiyo tarehe 3 Juni inaangukia pale pale mvua zao ndefu zinapoishia, mbu wakiwa wamejaa.

Kuna jambo la pili, na hapa tafadhali soma polepole. Mtoto aliyekulia Masaka au Bukoba ameumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi. Malaria huua watoto wengi kabla hawajafikisha miaka mitano, lakini wanaonusurika hujenga kinga kiasi fulani. Anaweza kuwa na vimelea ndani ya damu na bado akaenda shule akacheza mpira. Kinga hiyo hapewi mtu moja kwa moja maishani. Hujengwa kwa kuugua mara kwa mara, na hupungua ukikaa miaka mingi mahali pasipo na malaria.

Wewe wa uwanda wa kati huna kinga hiyo, au unayo kidogo sana. Kwa hiyo wewe na mwenyeji wako mnaweza kuumwa na mbu mmoja, usiku mmoja, chumba kimoja. Yeye akaumwa kichwa siku moja, wewe ukalazwa hospitali. Na kama ulizaliwa Kagera au Kigoma wazazi wakahamia Dodoma ukiwa darasa la pili, usijidanganye kwamba "mimi malaria nimeizoea". Mwili ulishasahau.

Basi ufanyeje? Chandarua chenye dawa kiwe kitu cha kwanza kuingia kwenye begi, hata kama mmeahidiwa vitanda vyenye vyandarua. Ahadi hazina matundu, vyandarua vya bweni la watu vinayo. Jioni vaa mikono mirefu na suruali au sketi ndefu, maana mbu huyu huuma usiku. Mafuta ya kufukuza mbu yapakwe miguuni pia, siyo mikononi tu. Halafu, wiki chache kabla ya safari, mwulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria. Wageni kutoka Ulaya wakija kwetu huzimeza bila kuona haya, nawe unayetoka sehemu yenye malaria kidogo kwenda sehemu yenye nyingi uko karibu na hali yao kuliko unavyofikiri. Daktari ataangalia umri wako, uzito na dawa nyingine unazotumia. Usiazime vidonge vya rafiki, na usimeze dawa mseto "kwa tahadhari": ile ni ya kutibu aliyepimwa akakutwa na malaria.

Mwenye selimundu, yaani sikoseli, au pumu, au kifafa, asiondoke bila kumwona daktari wake na kumwambia kiongozi wa msafara. Najua wengi huficha ili wasiachwe. Lakini kuachwa nyumbani ni afadhali kuliko kuzidiwa saa nane za usiku kati ya Biharamulo na Muleba bila mtu yeyote kwenye basi kujua una tatizo gani.

SINDANO YA SIKU KUMI

Uganda humdai kila mgeni mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi kadi ya njano, yaani cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano. Ugonjwa huu huletwa na virusi, huenezwa na mbu wa aina nyingine anayeuma mchana, na hauna dawa ya kuua virusi vyake. Kinachobaki ni chanjo. Na usifikiri kadi ni kwa ajili ya Waganda tu: wakati wa kurudi, Tanzania nayo humdai kadi hiyo mtu anayetoka nchi zenye homa ya manjano, na Uganda imo.

Sasa tufanye hesabu. Kadi huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano. Mnafika mpakani tarehe 31 Mei. Rudi nyuma siku kumi, unapata tarehe 21 Mei, hiyo ndiyo siku ya mwisho kabisa. Lakini si kila zahanati ina chanjo hii. Hutolewa kwenye vituo maalumu, na dozi zinaweza kuwa zimekwisha siku unayofika. Kwa hiyo ulizeni ofisi ya Mganga Mkuu wa mkoa au wilaya mapema, mwezi wa Aprili, mkachanjwe bila presha.

Kuna njia ya mkato ambayo huenda ukaambiwa na "mjuaji": kadi ya kununua, yenye mhuri lakini bila sindano. Fikiria unachonunua hapo. Umemlipa mtu ili akuandikie kwamba una kinga ambayo huna, kisha ukaenda mahali penye ugonjwa wenyewe. Kadi hiyo inaweza kumdanganya ofisa, lakini mbu hasomi kadi.

Mweleze muuguzi ukweli kabla ya kuchanjwa: kama mayai hukudhuru vibaya ukila, kama una mimba, kama una virusi vya UKIMWI au unatumia dawa zinazoshusha kinga. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa watu kama hao inahitaji uamuzi wa daktari. Hayo unamwambia yeye faraghani, si mbele ya foleni ya wenzako.

Hati za kusafiria nitazipita haraka, kwa kuwa ni kazi ya mwalimu na wazazi. Mtanzania hahitaji viza kuingia Uganda, lakini anahitaji pasipoti au hati ya dharura kutoka Uhamiaji. Aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya ruhusa ya mzazi au mlezi na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Anzeni mapema. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa ndiye huchelewesha msafara mzima kila mwaka.

Na sikilizeni redio kabla ya kuondoka. Uganda ilipata mlipuko wa Ebola kuanzia Septemba 2022 hadi Januari 2023, ikapata mwingine mwaka 2025. Upande wetu, mkoa wa Kagera ambao mtapita, ulipata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025. Milipuko yote hiyo ilitangazwa kuwa imekwisha. Ila ikitokea mpya, safari iahirishwe, hata kama jezi zimeshashonwa.

SIKU MBILI BARABARANI

Njia ya kawaida ni Manyoni, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, Muleba, Bukoba, Kyaka hadi Mutukula. Ni ndefu. Miguu itavimba, mgongo utauma, na kuna atakayetapika (huyo akae mbele, ale kidogo kidogo, atazame barabara na siyo simu).

Tatizo kubwa kwa wasichana ni kuchimba dawa. Basi linasimama porini, wavulana wanaruka upande mmoja, wasichana wanaona aibu. Kwa hiyo asubuhi msichana anaamua kutokunywa maji kabisa ili asibanwe. Anakaa na mkojo saa saba, nane. Siku ya tatu anaanza kusikia maumivu akikojoa, homa juu, na safari imeharibika. Dada, kunywa maji. Vaeni sketi pana au fungeni kanga juu ya suruali, nendeni watatu watatu, mmoja asimame akinga. Mwambieni mwalimu wa kike tangu mwanzo kwamba mnataka kusimama kwenye vituo vyenye vyoo. Ni haki yenu, wala siyo deko. Beba pedi au vitambaa safi vya kutosha hata kama tarehe zako bado. Safari ndefu na wasiwasi huweza kusogeza hedhi mbele au nyuma.

Na kaka zetu: msicheke. Dada yako naye husafiri.

BARABARA YENYE HISTORIA

Ukifika Kyaka fumbua macho, maana kuanzia hapo unasoma kitabu cha historia kupitia dirishani. Daraja la mto Kagera hapo Kyaka lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, yalipoivamia ardhi yetu. Mutukula, mpakani, palipiganiwa. Masaka, mji mtakaopita mkishavuka, ulibomolewa vibaya vitani mwanzoni mwa 1979, na Kampala ikaanguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nalo tarehe 11 Aprili 1979. Siku hizi Mutukula kuna kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2017. Unashuka mara moja tu, unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja, na ofisa wa afya anaangalia ile kadi ya njano.

Neno moja la adabu hapa. Usiende kwa watu ukajigamba, "sisi ndio tuliowakomboa." Kuna familia zilizopoteza watu na nyumba katika vita ile ile. Sikiliza kwanza mwenyeji atakavyoisimulia. Vilevile usishangae ukisema Kiswahili Kampala ukajibiwa Kiingereza. Kwa miaka mingi Waganda walikisikia Kiswahili kutoka kwa askari wenye bunduki, na wengi walikiogopa. Mambo yanabadilika, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la huko liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini mzee wa miaka 70 ana kumbukumbu zake.

Kati ya mpaka na Masaka, upande wa kulia kuelekea ziwani, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Kasensero. Basi lenu halitasimama huko, ila ujue. Mwaka 1982 huko ndiko walikoonekana wagonjwa wa kwanza Uganda wa ugonjwa ambao watu waliuita "Slim" kwa jinsi ulivyokondesha. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza wa Tanzania wakagundulika Kagera. Mpaka haukuuzuia UKIMWI hata kidogo, maana watu wa pande zote mbili walikuwa ndugu, wakwe na wachuuzi wenza. Uganda ilijifunza kusema mapema. Mwaka 1987 ilianzishwa TASO, chama cha kusaidiana cha watu wanaoishi na virusi. Mwaka 1989 mwanamuziki maarufu Philly Lutaaya alisimama hadharani akasema anao, akazunguka mashuleni na makanisani akizungumza na vijana, akafariki Desemba mwaka huo huo. Wakati ule mtu kusema hivyo ilikuwa ni kukubali kutengwa. Ukikutana na wanafunzi wenzako wa Uganda waulize kuhusu Lutaaya. Utapata mazungumzo mazuri kuliko kuulizana timu za Ulaya.

Kati ya Masaka na Kampala, pale Kayabwe, mtavuka mstari wa ikweta. Piga picha, basi.

UKIFIKA

Kusalimia kwanza. "Oli otya, ssebo?" kwa mwanamume, "Oli otya, nnyabo?" kwa mwanamke. Asante ni "webale". Utaona wasichana wa Kiganda wakipiga magoti kuwasalimu wakubwa. Wewe mgeni hutalazimishwa, ila kuinama kidogo kunapokelewa vizuri. Maneno mawili ya kukariri kabla ya yote: "omusujja" ni homa, na "ndi mulwadde" ni mimi mgonjwa.

Kuna mengi ya kuona. Chuo cha Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922, ndiko Mwalimu Nyerere alikosomea ualimu miaka ya 1943 hadi 1945. Kasubi ni makaburi ya makabaka wanne wa Buganda, chini ya paa kubwa la nyasi. Jengo lile liliungua Machi 2010 na limejengwa upya kwa ufundi wa jadi. Unavua viatu kuingia, na wasichana huvaa sketi ndefu au kujifunga kitenge. Namugongo ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki na Waanglikana kila mmoja ana eneo lake, karibu karibu, na siku hiyo watu hufurika kutoka Kongo, Kenya, Rwanda na kwetu.

Penye watu wengi hivyo, hatari ya kwanza ni tumbo. Mahujaji huchota maji ya ziwa dogo la pale Namugongo na wengine huyanywa kama maji ya baraka. Sisi hatuingilii imani ya mtu. Yachote, yabebe, ila usiyanywe mabichi. Yakichemshwa yanabaki yale yale yaliyobarikiwa, ila bila kipindupindu. Kunywa maji yaliyochemka au ya chupa iliyofungwa mbele yako. Kula chakula cha moto. Matoke na mchuzi wa karanga vinavyotoka jikoni vinafuka mvuke ni salama kuliko saladi iliyooshwa kwa maji usiyoyajua. Ugali wanauita posho, usicheke, na wao watacheka mlenda wako. Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na yai, ni tamu na hukaangwa mbele ya macho yako, lakini tazama nyanya mbichi wanazoweka ndani na mikono ya anayezikata.

Ukiharisha, usikimbilie vidonge vya kufunga tumbo. Kunywa maji yenye chumvichumvi za paketi. Ukikosa paketi, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima kwa uangalifu, chumvi ikizidi ni hatari. Choo kikiwa na damu, au kikiwa kama maji ya mchele na hakikatiki, ni hospitali hapo hapo.

Ziwani pia mtapelekwa, labda Entebbe. Watoto wa Dodoma tukiona maji mengi akili inaruka! Kuna mambo mawili. Wengi wetu hatujui kuogelea, na ziwa halina huruma na anayetaka kujionyesha. Halafu Ziwa Viktoria lina kichocho, ambacho hupenya ngozi yako bila kubisha hodi, hasa kwenye maji ya pembeni yenye majani. Kaa mchangani, piga picha, kula samaki.

Bodaboda za Kampala ni nyingi na zina haraka. Kama mwalimu hajaruhusu, usipande. Kama ameruhusu, vaa kofia ngumu, na msipande mishikaki.

NA USIKU JE?

Tuongee kwa uwazi. Ukiwa mbali na nyumbani kuna sauti inayokuambia, "Nani atajua?" Hakuna jirani, hakuna shangazi, hakuna mtu wa kanisani kwenu. Jioni baada ya mechi au ibada vijana wanatoka kidogo, mtu analeta waragi, mwingine analeta maneno matamu. Hiyo waragi ya kienyeji usiiguse. Mwaka 2010 wilayani Kabale makumi ya watu walikufa kwa kunywa iliyokuwa na methanoli, sumu ambayo hupofusha macho kwanza.

Kuhusu mapenzi ya safari: mtu uliyemjua jana, hujui lolote kuhusu afya yake, na huwezi kujua kwa kumtazama. Kusema hapana ni njia ya hakika. Aliyeamua vingine atumie kondomu, tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini mara nyingi msichana wa sekondari hapati nafasi ya kuamua. Mtu mzima anampa lifti, anamnunulia chakula, kisha anadai "shukrani". Wakati mwingine ni mtu wa msafara wenyewe, hata kiongozi. Huna deni lolote kwa mtu kwa sababu amekulipia soda au amekuweka kwenye orodha ya safari. Sheria ya Uganda, kama ya kwetu, inasema kufanya mapenzi na msichana chini ya miaka 18 ni kosa, na kosa ni la mtu mzima.

Ikitokea mtu amekulazimisha, msichana au mvulana, nenda hospitali haraka kabla ya kuoga kama unaweza. Zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ambazo ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, Tanzania na Uganda vilevile. Polisi wa Uganda ni 999 au 112. Ziandike ndani ya jalada la daftari sasa hivi, usitegemee simu itakayokwisha chaji.

UMERUDI, LAKINI BADO

Umefika Dodoma salama, umegawa zawadi, umesimulia mpaka sauti imekauka. Wiki mbili zinapita. Siku moja mstarini unasikia baridi wakati jua linawaka, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Unadhani ni mafua ya upepo wa Juni.

Malaria haianzi siku uliyoumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua siku saba hadi wiki mbili au zaidi, na wakati mwingine miezi. Kwa hiyo mbu wa Kampala anaweza kukulaza Dodoma, shuleni, katikati ya mitihani. Na hapa ndipo palipo na hatari ya pekee kwetu. Katika mkoa wenye malaria kidogo, mtu anayekupokea zahanati anaweza kufikiria kwanza homa ya matumbo, maambukizi ya njia ya mkojo au mafua. Hana kosa, hivyo ndivyo anavyoona kila siku. Ni wewe unayejua ulikolala. Sema hata kabla hujaulizwa: "Nilikuwa Uganda, nimerudi tarehe fulani, naomba nipimwe malaria." Kipimo cha tone la damu kidoleni huchukua dakika 15 hadi 20. Kama homa imeanza ndani ya siku 21 tangu urudi, na kulikuwa na habari za Ebola au Marburg ulikopita, sema hilo pia, kwa simu kabla hujaingia kwenye chumba chenye watu.

Nenda siku hiyo hiyo homa inapoanza. Kwa mtu asiye na kinga malaria kali hugeuka kwa saa, siyo kwa siku: anaanza kuchanganyikiwa, anapata degedege, mkojo unakuwa mweusi, anashindwa kusimama. Ukiona mwenzako wa safari amebaki bwenini amejifunika blanketi tangu asubuhi, usimwachie panadoli ukaenda darasani. Mwite matroni au patroni.

Ukipewa dawa mseto, ni dozi sita kwa siku tatu, pamoja na chakula. Utajisikia mzima siku ya pili na utatamani kuacha. Maliza. Kama ulipewa dawa za kuzuia malaria, nazo kuna zinazoendelea kumezwa siku kadhaa au wiki nne baada ya kurudi, kwa hiyo soma karatasi yake upya. Ukiona damu kwenye mkojo wiki au miezi baadaye, na ulikanyaga ziwani, kapimwe kichocho. Kichocho cha ziwani hupenda zaidi matumbo, kwa hiyo hata tumbo linalouma na choo chenye damu ni sababu ya kupima.

Ile kadi ya njano iweke kwenye bahasha moja na cheti chako cha kuzaliwa. Tangu Julai 2016 chanjo moja hutambulika maisha yote, kwa hiyo safari ijayo, iwe Kongo au Kenya, sindano hiyo hutachomwa tena.